MWOSHA CHUPA NAYE APEWE KITI



Katika vyuo vikuu na nyumba za utafiti kuna desturi moja ambayo wengi wetu twaiona kwa nje tu. Mara moja kwa juma, mara nyingi saa ya chakula cha mchana, mlango wa chumba hufungwa, taa hupunguzwa, na mtaalamu mmoja husimama mbele ya wenzake kuwaeleza kazi aliyoifanya. Hiyo ndiyo semina. Katika idara za elimu ya vijidudu na elimu ya kinga ya mwili, husemwa humo habari za bakteria, za virusi, za chanjo, na za jinsi damu ya mtu inavyopigana na ugonjwa. Msemaji hunena kwa dakika 40 au 50, huonyesha picha ukutani, kisha huulizwa maswali. Wakubwa kwa wadogo humbana: Umejuaje? Ulihesabu namna gani? Kwa nini isiwe sababu nyingine?

Hatuna ugomvi na desturi hii. Twaisifu. Ni mahali pamoja katika pachache ambapo mwanafunzi aweza kumwambia profesa mbele ya watu kwamba hesabu yake haikubali, na profesa akalazimika kujibu. Laiti mikutano yetu na matajiri ingekuwa hivyo! Neno letu ni hili: yule aoshaye chupa za maabara, yule alishaye panya na sungura, dreva aletaye damu kutoka mashambani, mfagiaji, na yule asimamiaye mtambo wa mvuke wa kuua vijidudu, wote hawamo chumbani. Wao ndio washikao vyombo vyenye vijidudu kila siku, lakini habari za vijidudu hivyo husemwa nyuma ya mlango. Twasema mlango huo ufunguliwe kwao, na saa hiyo ilipwe kama saa nyingine ya kazi.

Tuanze na semina moja mashuhuri. Tarehe 24 Machi 1882, Daktari Robert Koch alisimama mbele ya wataalamu wenzake mjini Berlin, Ujerumani, akawaeleza kwamba amekiona kijidudu kiletacho kifua kikuu. Hakuleta maneno matupu. Alileta hadubini zake na vioo zaidi ya 200 ili kila mmoja ajionee kwa macho yake. Alipomaliza, watu walinyamaza kimya. Hakuna aliyempinga, maana ushahidi ulikuwa mezani.

Lakini nyuma ya kazi ya Koch na wenzake kulikuwa na mikono mingine. Mmoja wa wenzake aliitwa Walther Hesse, naye alikuwa na mke jina lake Fanny, aliyemsaidia kazi za maabara bila mshahara. Hesse alihangaika, kwa sababu jeli aliyokuwa akioteshea vijidudu iliyeyuka wakati wa joto. Bibi Fanny akamwambia atumie agari, kitu kitokanacho na mwani wa baharini, ambacho yeye alikitumia jikoni kugandisha vyakula vyake vitamu. Alikuwa amekijua kwa jirani aliyewahi kukaa Java. Agari haiyeyuki upesi kwa joto, na mpaka leo hakuna maabara ya bakteria isiyoitumia. Koch aliitaja agari katika maandishi yake ya mwaka ule ule wa 1882, lakini jina la Bibi Fanny hakulitaja. Basi mtu akituambia kwamba wale wasio na shahada hawana la kusema katika elimu hii, na aangalie kwanza kisahani kilicho mezani pake.

Sasa tutazame upande wa hatari. Mwaka 1967, tumbili walipelekwa Ulaya kutoka Uganda, jirani zetu, ili figo zao zitumike katika kazi ya kutengeneza chanjo. Katika miji ya Marburg na Frankfurt, Ujerumani, na Belgrade katika Yugoslavia ya wakati ule, wafanyakazi walishikwa na homa kali ambayo hakuna daktari aliyeijua. Watu 31 waliugua, na 7 wakafa. Waliougua kwanza walikuwa 25, nao waliipata kazini: wengi walikuwa wamepasua tumbili au kushika damu na figo zao, na wengine walikuwa wameshika vyombo vya kioo vilivyotumika. Mmoja alivunja chupa ndogo ya maabara. Sita waliobaki waliambukizwa na hao wagonjwa. Ugonjwa ukaitwa Marburg, kwa jina la mji. Hesabu ya waliougua yaonyesha wazi ni nani anayetangulia kukutana na kijidudu kipya. Si yule anayesimama mbele ya picha ukutani.

Miaka kumi baadaye yalikuja mambo ya ndui. Mtu wa mwisho duniani kushikwa na ndui kwa njia ya kawaida alikuwa mfanyakazi kama sisi. Aliitwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali ya Merca, Somalia. Mwezi Oktoba 1977 alipanda gari lililobeba wagonjwa wa ndui ili amwonyeshe dreva njia. Safari ilikuwa fupi sana, lakini ilitosha. Yeye hakuwa amechanjwa, na baadaye alieleza kwamba aliogopa maumivu ya sindano. Alipona. Miaka miwili baadaye, Oktoba 1979, hapa hapa Nairobi, Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba ndui imekwisha katika nchi za pembe ya Afrika, na mwaka 1980 ikatangazwa kwamba imekwisha duniani kote.

Katikati ya Merca na tangazo hilo, ndui iliua mtu mmoja tena, na safari hii haikutoka kijijini bali katika chuo kikuu. Mwaka 1978, katika Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, idara ya elimu ya vijidudu ilikuwa na maabara ya virusi vya ndui. Ghorofa ya juu yake alifanya kazi Bibi Janet Parker, mpiga picha wa idara nyingine. Kazi yake haikuwa ya vijidudu hata kidogo. Alikuwa amechanjwa mara ya mwisho mwaka 1966, yaani miaka 12 nyuma. Tarehe 11 Agosti aliugua. Karibu wiki mbili zilipita kabla ya madaktari kutambua kwamba ni ndui. Akafa tarehe 11 Septemba 1978, akiwa na umri wa miaka 40. Mkuu wa maabara ile, Profesa Henry Bedson, naye alijiua kwa huzuni.

Serikali ya Uingereza iliunda tume. Ripoti yake ilipochelewa kutolewa, chama cha wafanyakazi kiitwacho ASTMS, chini ya katibu mkuu wake Clive Jenkins, ndicho kilichoitoa hadharani mwezi Januari 1979. Chuo kilishtakiwa, na mahakama ikakiona hakina hatia. Njia iliyomfikisha kijidudu kwa Bibi Parker ingali yabishaniwa. Sisi hatusemi kwamba semina ingemwokoa, wala hatumhukumu mtu aliye kaburini. Twasema hivi: mfanyakazi aliyeambiwa waziwazi ni kitu gani kinachofugwa chini ya sakafu yake aweza kumwambia daktari neno hilo siku ya kwanza ya homa. Na katika magonjwa kama hayo siku moja ni kitu kikubwa.

Huku kwetu Kenya kazi hii si ngeni. Pale Muguga, karibu na Nairobi, Walter Plowright na mwenzake Ferris walitengeneza chanjo ya sotoka kwa kutumia chembe za figo za ndama, na habari zake zikachapwa mwaka 1962. Chanjo hiyo ilikuwa silaha kubwa katika vita ambavyo mwaka 2011 viliifuta sotoka duniani. Mpaka leo ni magonjwa mawili tu yaliyofutwa kabisa, ndui ya watu na sotoka ya ng'ombe. Tangu mwaka 1979 tunayo taasisi ya nchi ya utafiti wa tiba, KEMRI, na Kilifi kuna kituo kikubwa tangu 1989 ambako chanjo za malaria zilipimwa. Chanjo ya kwanza ya malaria ilianza kutolewa kwa watoto wa magharibi mwa Kenya mwaka 2019, na Shirika la Afya Duniani likaipitisha Oktoba 2021. Katika kazi zote hizo kulikuwa na watu wa kushika ng'ombe, wa kuosha vyombo, wa kuendesha magari usiku, na wa kulinda milango. Majina yao hayamo vitabuni. Sisi twawajua, maana ni wenzetu.

Tena Kilifi yatufundisha jambo jema. Kituo kile kina wajumbe waliochaguliwa na wanavijiji, ambao hukutana na wataalamu, huelezwa utafiti unaofanywa, nao huleta maswali ya watu wao. Ikiwa mkulima wa kijijini aweza kuelezwa habari za chanjo akaelewa na kuuliza, kwa nini mwosha chupa aliye ndani ya ua asielezwe?

Twajua majibu tutakayopewa. Wa kwanza atasema kwamba semina ni ya Kiingereza kigumu. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 7, yasema Kiswahili ndicho lugha ya taifa, tena ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Maneno tunayo: kinga, chanjo, homa, kirusi, chembe za damu. Mtaalamu aliyemaliza miaka 10 shuleni juu ya kijidudu kimoja hawezi kushindwa kutueleza kwa robo saa kijidudu hicho kinaingiaje mwilini.

Wa pili atasema kuna siri za kazi ambayo haijachapwa. Hatutaki hesabu zake wala sifa zake. Twataka jina la kijidudu, njia yake, na dalili zake.

Wa tatu atasema wafanyakazi watasinzia. Ndugu zetu mafundi wanaowasha mashine ya picha wametuambia kwamba baada ya chakula, taa zikishapunguzwa, hata madaktari husinzia, na hatujasikia daktari aliyefukuzwa kazi kwa sababu hiyo.

Wa nne, na huyu ndiye wa kujibiwa vema, atasema kwamba kila mfanyakazi akiandikwa kazi hupewa karatasi ya usalama akaisoma na kutia sahihi. Karatasi hiyo yasema vaa glavu. Haisemi kwa nini. Tena utafiti hubadilika: mwezi huu ni kijidudu hiki, mwezi ujao ni kingine, na karatasi ni ile ile ya mwaka ulioandikwa kazi. Mahali pa kwanza pa kusikia kwamba kijidudu kipya kimeingia nyumbani ni semina. Ndiyo maana twaitaka semina, wala si karatasi nyingine.

Sheria nayo iko upande wetu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwenye kazi awape wafanyakazi wake habari, maelekezo na mafunzo ya kuwalinda. Tena mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama yenye wajumbe wa pande zote mbili. Haikuandikwa humo kwamba habari ni za wenye shahada peke yao.

Kwa hiyo twayaomba matawi yote yenye wanachama katika maabara, hospitali na nyumba za utafiti yapeleke mambo haya manne kwa wenye kazi:

1. Kila semina ya elimu ya vijidudu na kinga ya mwili itengewe robo saa ya mwisho kwa Kiswahili, na msemaji aeleze kijidudu anachokitumia, kinavyoambukiza, kama kina chanjo au dawa, na dalili ambazo mtu akiziona aende kwa daktari mara moja.

2. Wafanyakazi wa kila zamu wapewe nafasi ya kuhudhuria bila kukatwa mshahara, na wasibaguliwe wale wa vibarua.

3. Wafanyakazi wa vyumba vya jirani, ghorofa za juu na za chini, waarifiwe pia, hata kama kazi yao ni kupiga picha, kupika au kuandika kwa mashine.

4. Kijidudu kipya kabla ya kuletwa, kamati ya usalama ielezwe kwanza, na chanjo itolewe bure ikiwa ipo.

Nasi wanachama tuna wajibu. Mlango ukifunguliwa, tuingie. Tusikae nyuma tukitazama viatu vyetu, bali tuulize kama wale wanafunzi wanavyouliza: Umejuaje? Mkutano ukiisha, tuwaeleze wenzetu waliokuwa zamu. Ali Maow Maalin, yule mpishi wa Merca aliyeogopa sindano, baadaye alijiunga na kazi ya chanjo ya polio nchini kwake. Aliwasimulia wazazi yaliyompata ili wasikatae chanjo. Alifanya kazi hiyo mpaka alipokufa mwaka 2013. Neno la mwenzako hupita mahali ambapo karatasi ya ofisini haipiti.

Makatibu wa matawi watuletee majibu ya wenye kazi, yawe mema au mabaya, nasi tutayaandika katika ukurasa huu.

Umoja ni nguvu.