Siyo Kila Anayesahau Karogwa

Huku Busi, Kondoa, kijana wa miaka 30 akianza kusahau majina ya wadogo zake na kupepesuka bila hata tone la pombe, jibu ni hilohilo: karogwa! Wengine watakwambia mpeleke Mirembe.

Mshikaji, subiri kwanza. Kuna ugonjwa wa kurithi, jina lake refu mno, madaktari wanaukatisha CTX. Mafuta yaitwayo kolestanoli, ndugu wa kolesteroli, yanajazana taratibu kwenye ubongo. Siyo ugonjwa wa wala chipsi. Hata kimbaumbau anaupata, na kipimo cha kawaida cha kolesteroli kinaweza kuonyesha yuko safi.

Baba na mama wanakuwa wazima, kumbe wote wamebeba kasoro. Kila mtoto wao ana hatari ya moja kwa nne. Sasa shangazi anaingiaje hapo?

Mara nyingi dalili hutangulia miaka mingi: kuharisha kusikokwisha utotoni, mtoto wa jicho (ule wa mababu!) kabla ya miaka 20, halafu uvimbe nyuma ya kisigino. Akili huyumba baadaye.

Dawa ipo, asidi ya kenodeoksikoli. Mwaka 1984 madaktari walionyesha kuwa inasaidia, na Marekani iliidhinisha rasmi 2025. Ila ikichelewa, kilichoharibika hakirudi chote. Kwa hiyo mdogo wako akiambiwa ana mtoto wa jicho, usitoke kwa daktari hujamuuliza: mbona mapema hivi?