Karatasi Yenye Jina Moja

Wapo miongoni mwetu wanaousamehe uchaguzi wa Shelisheli wa Juni 1979 kwa hoja ya udogo: ati visiwa vyenye watu wapatao 60,000 havihimili vyama viwili. Hoja hiyo naipinga, na naipinga nikiwa mtu wa kisiwani.

Kwanza niwape haki yao. Katika uchaguzi wa 1974, kabla ya uhuru, chama cha James Mancham kilipata asilimia 52 ya kura na viti 13. Cha France-Albert René kikapata asilimia 47 na viti 2. Hiyo ni dhuluma ya hesabu. Sisi tunaokumbuka Julai 1963, ASP ilipopata zaidi ya nusu ya kura za Zanzibar na viti 13 kati ya 31, hatuhitaji mkalimani wa uchungu huo. Mizani ilikuwa mbovu, ilipasa itengenezwe.

Haikutengenezwa. Uhuru ulikuja tarehe 29 Juni 1976, Mancham akawa Rais na René Waziri Mkuu. Mwaka haukutimia: tarehe 5 Juni 1977, Mancham akiwa London, bunduki zikaamua. Wapinduzi walidai kuwa alikusudia kuuahirisha uchaguzi wa 1979. Basi mwaka huo ulipofika, wakauitisha wao: chama kimoja, mgombea urais mmoja, na takriban asilimia 98 za kumkubali. Tisini na nane! Hata bwana harusi hakubaliki kwa kiasi hicho ukweni.

Watasema René alijenga shule na zahanati. Sikatai. Lakini aliyetenda mema aliogopa nini jina la pili katika karatasi? Mwaka 1993 lilipowekwa, tena la Mancham yuleyule, René alishinda.

Wala tusijitie kando. Askari wa Tanzania walikuwako kule wakiulinda utawala ule, na sijaona bado utenzi wetu hata mmoja uliothubutu kuliuliza jambo hilo.

Wapiga kura walingoja hadi Oktoba 2020 ndipo mpinzani, Wavel Ramkalawan, akaingia Ikulu kwa kura. Oktoba 2025 wakamtoa kwa kura vilevile, wakamweka Patrick Herminie. Visiwa ni vilevile, na vyama vimepokezana mara mbili ndani ya miaka mitano. Wenye hoja ya udogo nawasubiri katika kurasa hizihizi.