Bangladesh na gharama ya kuondoka kwenye orodha ya maskini

Pekua rundo la mashati sokoni, ya mtumba au mapya, na si ajabu kukuta kwenye kola lebo inayosema limeshonwa Bangladesh. Nguo zinaiingizia nchi hiyo ya Asia Kusini zaidi ya asilimia 80 ya mapato yake ya mauzo ya nje, na zinawapa kazi watu wapatao milioni 4, wengi wao wanawake. Sasa biashara hiyo iko njia panda, na tunaona ni vyema tuieleze, maana jambo lenyewe halipo mbali nasi.

Bangladesh iliingia kwenye orodha ya Umoja wa Mataifa ya nchi zenye maendeleo duni mwaka 1975, miaka minne tu baada ya kujitenga na Pakistan. Tangu hapo kipato, afya na elimu vimepanda. Novemba 2021 Baraza Kuu liliidhinisha itoke kwenye orodha hiyo, ikapewa miaka 5 ya kujiandaa badala ya 3 kwa sababu ya UVIKO-19. Tarehe iliyopangwa ni 24 Novemba 2026.

Heshima yenye bili

Mbona basi wenye viwanda wamekuwa wakiomba tarehe isogezwe mbele? Kwa sababu kuwa kwenye orodha kuna faida. Umoja wa Ulaya, unaonunua karibu nusu ya nguo za Bangladesh, hauzitozi ushuru. Nchi isiyo na nafuu yoyote hutozwa hadi asilimia 12. Yaani shehena ya euro 100,000 inaweza kudaiwa euro 12,000 ikifika bandarini. Ulaya imeahidi kuendelea na msamaha huo kwa miaka 3 zaidi, hadi 2029. Baada ya hapo nchi lazima iwe na njia nyingine.

Ushuru si tatizo pekee. Leo Bangladesh inaruhusiwa kuagiza kitambaa kutoka China, ikakishona, na nguo ikaingia Ulaya bure. Katika nafuu inayofuata kwa ubora, kitambaa nacho kitatakiwa kifumwe nyumbani. Viwanda vya fulana vina nyuzi na vitambaa vya ndani, lakini vile vya mashati na suruali bado vinategemea sana kuagiza. Hata viwanda vya dawa, ambavyo sasa vinatengeneza dawa mpya bila kubanwa na hataza, vitapoteza ruhusa hiyo.

Njia tatu mezani

Ya kwanza ni kuomba muda. Inatuliza, lakini haijengi kiwanda hata kimoja cha kitambaa.

Ya pili ni mikataba ya biashara. Vietnam, mshindani mkubwa wa Bangladesh, ina mkataba na Ulaya ulioanza kufanya kazi Agosti 2020, na ushuru wake unashuka hatua kwa hatua. Ila mkataba ni nipe nikupe: Bangladesh nayo itabidi ishushe ushuru wa bidhaa zinazoingia, wakati serikali yake hukusanya kodi kidogo mno ikilinganishwa na ukubwa wa uchumi.

Ya tatu, ambayo kwetu ndiyo nzito kuliko zote, ni kupunguza utegemezi wa bidhaa moja na kuboresha hali ya wafanyakazi. Nafuu mpya ya Ulaya inadai nchi itekeleze mikataba ya kimataifa kuhusu haki za kazi na mazingira. Hapo hakuna anayesahau Rana Plaza, jengo lenye viwanda vya nguo lililoporomoka Aprili 2013 na kuua watu zaidi ya 1,100.

Hofu yetu ni kwamba njia rahisi ndiyo itakayofuatwa: ushuru ukipanda, mnunuzi atataka bei ileile, na mwenye kiwanda atalipunguza pengo kwenye mshahara. Kima cha chini cha mshonaji, kilichoanza Desemba 2023, ni taka 12,500 kwa mwezi, kiasi kinachozidi kidogo dola 100. Hapo hakuna cha kupunguza tena.

Na sisi je?

Kenya haimo kwenye orodha hiyo, ndiyo maana ililazimika kusaini mkataba wake na Ulaya, ulioanza kutumika Julai 2024, ili maua na mboga zake ziendelee kuingia bila ushuru. Tanzania bado imo, kwa hiyo bidhaa zake zinapita kwa msamaha. Siku itakapotoka, maswali ya Dhaka yatakuwa ya Dodoma.

Msamaha wa ushuru ni ngazi ya kupandia. Bangladesh iliitumia vizuri kuajiri mamilioni ya watu, lakini ilichelewa kujenga viwanda vya kitambaa na bidhaa nyingine za kuuza. Miaka iliyobaki hadi 2029 inatosha kuanza kazi hiyo, iwapo itatumika kujenga na si kuomba miaka mingine.