Chama cha Muziki ni cha Nani?

Kumezuka kauli ambayo imerudiwa mara nyingi hata ikawa kama hukumu isiyokatiwa rufaa: kwamba vyama vyetu vya taarabu asilia vinafifia kwa kuwa wapigaji wa siku hizi ni watu wa tamaa, wala hawapigi kwa mapenzi kama walivyopiga wazee wao. Kauli hii husemwa na viongozi wa vyama, huitikiwa na wapenzi wakaao viti vya mbele, na kwa bahati mbaya huingia hata madarasani. Nia yangu ni kuipinga.

Na tuanze na historia, maana ndiyo inayotumiwa vibaya. Husimuliwa kwamba Sultani Barghash, aliyetawala Unguja tangu mwaka 1870 hadi 1888, alimpeleka Muhammad Ibrahim Misri akajifunze kanuni. Muziki wa kasri ulikuwa na bwana mmoja, na mpigaji alikuwa mtumishi wake. Mwaka 1905 kilipoundwa chama cha Nadi Ikhwani Safaa, lilizaliwa jambo jipya: muziki wa wanachama. Hata jina lenyewe linasema. Ikhwani ni ndugu, na katika nyumba ya ndugu haielekei mmoja ashike upinde wa fidla maisha yake yote na mwenziwe ashike ufunguo wa kabati maisha yake yote.

Wanafunzi waliosoma Wasifu wa Siti binti Saad watakumbuka kwamba bibi yule hakupanda peke yake. Alikuwa na wenzake, miongoni mwao Subeti bin Ambar na Buda bin Swedi, na walipokwenda Bombay mwaka 1928 kutia sauti katika sahani za santuri walikwenda kama wasanii waliojuana kazi. Kundi lile liliongozwa na watu walioimba na kupiga. Aliyeamua wimbo gani uimbwe alikuwa anaujua wimbo.

Sasa nieleze niliyoyaona. Nilipata kuhudhuria mkutano wa mwaka wa chama kimoja cha muziki, ambacho sitakitaja. Katibu alisoma hesabu kwa sauti nzuri. Zilitajwa fedha za sare, fedha za chai ya wageni, nauli za viongozi waliokwenda kuonana na wakubwa, na gharama ya kupaka rangi ubao wenye jina la chama. Mzee mmoja mpiga fidla akanyanyuka akauliza kwa adabu kama zimo fedha za nyuzi. Hazikumo. Fidla yake ilikuwa na nyuzi tatu badala ya nne, na kwa muda mrefu alikuwa akikwepa sauti za uzi uliokatika kwa ujanja ambao wasikilizaji hawakuutambua. Mwenyekiti alimjibu kwamba chama ni kujitolea. Watu wakapiga makofi! Nami, nakiri kwa aibu, nilipiga pia.

Ni kujitolea gani huku kunakomhusu mmoja tu? Hatukatai kwamba wazee wengi walipiga bila ujira. Lakini walikuwa na kazi zao mchana, na jioni waliingia katika chama ambacho walikuwa na kauli ndani yake. Anayekitolea chama chake mwenyewe jasho lake hana malalamiko. Anayeambiwa ajitolee kwa chama ambacho hesabu zake hasomewi ila mara moja kwa mwaka ananyonywa, hata kama mnyonyaji wake ni jirani yake wa mtaani na wanaswali msikiti mmoja.

Wako watakaosema: basi aajiriwe, alipwe mshahara. Bara njia hiyo ilijaribiwa. NUTA Jazz ilipoundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, mwanamuziki alipata heshima ya kuitwa mfanyakazi, na hilo lilikuwa jambo kubwa kwa mtu aliyezoea kuitwa mhuni. Hata hivyo magitaa na matarumbeta yalikuwa ya taasisi. Mwanamuziki aliyehama bendi, nao walihama sana katika miaka ile, hakuondoka na chombo. Aliondoka na vidole vyake na sauti yake. Mshahara ni haki, wala siudharau, lakini haumpi mtu kauli katika kikao.

Kisha husemwa kwamba msanii hajui uongozi, wala hesabu hawezi. Hoja hii hunikasirisha kuliko zote. Kanuni ina nyuzi zaidi ya 70, nyuzi tatu kwa kila sauti, na mpigaji huziweka sawa kwa sikio lake kabla ya bashrafu kuanza, kisha huzirekebisha tena joto la ukumbi linapozilegeza. Mtu huyo ashindwe kuhesabu shilingi za mlangoni?

Wakati tunabishana, kinanda cha umeme kimekwisha kukaa mahali pa wapigaji wengi. Wengine hukilaumu kinanda. Mimi naona kimekuja kukalia viti vilivyokuwa vimeachwa wazi, kwani kijana atakayetumia miaka kujifunza kanuni au udi huangalia kwanza yule mzee mwenye nyuzi tatu amepata nini.

Yafaa basi katiba za vyama zibadilishwe, wapigaji na waimbaji wawe nusu ya kamati au zaidi, na fedha za nyuzi na matengenezo ya ala zitengwe kabla ya sare na chai. Na walimu wanaoalika vikundi shuleni waulize waziwazi fedha za mwaliko zitagawanywaje. Tena, onyesho likiisha, wampe nafasi mpiga besi naye awaeleze wanafunzi kazi yake, maana kwa kawaida kipaza sauti hukabidhiwa katibu.