Mteja wa wakili naye ana haki

Katika wilaya za Kilwa na Lindi, wananchi walio wengi hukutana na wakili mara moja tu maishani: shamba la minazi linapogombewa na warithi, mpaka unapoliwa na jirani, au fidia ya ardhi inapozua ubishi. Mwananchi huuza ufuta au korosho zake, akalipa ada, akakabidhi nyaraka, kisha akarejea nyumbani kusubiri. Tangu siku hiyo riziki yake imo mikononi mwa mtu mmoja. Ni jambo la kusikitisha, basi, kwamba wengi wanajua namna ya kumlipa wakili lakini hawajui namna ya kumwuliza.

Chukuliwe mfano wa mkulima wa Kivinje aliyeshindwa katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Sheria inampa siku 45 za kukata rufaa Mahakama Kuu. Iwapo wakili amepokea fedha na kuziacha siku hizo zipite, anayepoteza shamba si wakili. Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Umoja Garage dhidi ya Benki ya Taifa ya Biashara ya mwaka 1997 na katika nyingine zilizofuata, imeshikilia kwamba kosa la wakili, kwa kawaida, si sababu ya kutosha ya kuongezewa muda. Msimamo huo ni mkali. Maana yake ni kwamba mteja aliyefungiwa mlango wa rufaa kwa uzembe wa wakili hana budi kumgeukia wakili huyo huyo.

Njia za kufanya hivyo zipo. Ugomvi ukiwa juu ya ada, mteja ana haki ya kudai hesabu inayoonyesha kila kazi iliyofanywa, na hesabu hiyo yaweza kupimwa mahakamani kwa mujibu wa Amri ya Malipo ya Mawakili ya mwaka 2015. Ugomvi ukiwa juu ya mwenendo, kama vile kula fedha za mteja, kumficha habari za kesi yake au kuwatumikia mahasimu wawili kwa wakati mmoja, mahali pake ni Kamati ya Mawakili, iliyowekwa na Sheria ya Mawakili, Sura ya 341. Malalamiko huandikwa, yakaambatana na hati ya kiapo na nakala za nyaraka. Kamati yaweza kumwonya wakili, kumsimamisha kazi au kuliondoa jina lake katika Orodha ya Mawakili.

Lakini adhabu hiyo haimrudishii mkulima shamba lake. Anayetaka kulipwa hasara mlango wake mkuu ni mahakama, na hapo ndipo wengi hupotea. Madai ya kuvunja mkataba yana muda wa miaka 6. Madai ya madhara yatokanayo na uzembe, miaka 3. Kulalamika mbele ya Kamati si kufungua kesi, wala hakusimamishi siku. Anayengoja Kamati imalize ndipo aende mahakamani aweza kukuta muda umekwisha kwa mara ya pili.

Haki ina pande mbili. Kushindwa kesi peke yake si ushahidi wa uzembe, kwani katika kila shauri yupo anayeshindwa. Wakili aliyefanya kazi kwa uangalifu hastahili kusumbuliwa kwa sababu hakimu amempa ushindi mwingine. Linalotakiwa kuthibitishwa ni kwamba alikuwa na wajibu, hakuutimiza, na hasara imetokana na hilo.

Uthibitisho huo haupatikani kwa maneno matupu. Mali bila daftari hupotea bila habari. Mapatano yaandikwe, stakabadhi idaiwe kwa kila shilingi, na nakala ya kila hati ibaki kwa mwenyewe. Aidha, mteja ahakikishe kwamba anayemlipa ni wakili mwenye cheti cha mwaka huo. Kishoka hana jina la kuondolewa katika Orodha. Kufanya kazi ya wakili bila sifa ni kosa la jinai, na mahali pa kumshtaki ni polisi.

Hapa ndipo wajibu wa mtumishi wa umma unapojitokeza. Mwalimu wa Somanga na ofisa mtendaji wa Mchinga ndio wanaoletewa barua na wazee ili wawasomee. Wasiishie kusoma na kusikitika. Waulize: stakabadhi iko wapi, hukumu ilitolewa tarehe gani, siku ngapi zimebaki? Maswali hayo matatu, yakiulizwa mapema, yaweza kumwokolea mzee shamba ambalo baadaye hata Kamati ya Mawakili haitaweza kumrudishia.