Kabla ya kutiliwa Windows ya mia tano

Leo tuyaache ya mapishi na malezi, tukae kitako tuongee juu ya ile kompyuta iliyoko pale mezani. Swali langu ni moja tu: je, mfumo unaoiendesha ni wako kwa haki, au ni wa magendo?

Usicheke. Nauliza kwa sababu ya kisa kilichomfika dada yangu huko Msambweni mwaka 2025. Yeye ni mweka hazina wa chama cha akina mama karanga, wale wanaonunua samaki ufuoni, wakawakaanga na kuwauza jioni. Kila Ijumaa huchanga, na mwenye shida hukopa. Hesabu zote zilikuwa ndani ya laptopu ya bintiye, mwanafunzi wa diploma, ambaye naye alikuwa ameweka humo kazi yake ya mwisho ya masomo. Laptopu yenyewe ilinunuliwa Ukunda, mtumba kutoka Uingereza.

Siku moja ikawa nzito. Mpwa wangu akaipeleka kwa fundi, naye fundi akasema, "Hii yataka Windows mpya. Nipe mia tano tu, dada." Akachomeka flashi, akazima kinga ya virusi, na baada ya saa moja laptopu ikarudi inang'aa. Wiki tatu baadaye mtoto alipoiwasha, kila faili lilikuwa limebadilishwa jina na halifunguki. Kilichofunguka ni barua moja ya Kiingereza: lipa dola, la sivyo sahau mali yako.

Dola hizo wangezitoa wapi? Ikambidi dada yangu asimame mbele ya wenziwe na daftari kuukuu lililoishia mwezi Machi. Waliokopa baada ya hapo, baadhi walisema wameshalipa. Wengine hawakusema kitu, walimtazama tu. Aliniambia kwamba huko kutazamwa kulimuuma kuliko fedha. Mtoto naye alianza kazi yake upya, ukurasa wa kwanza.

Sasa tuulizane, kosa lilikuwa wapi?

Mfumo endeshi ndio nahodha wa kompyuta. Bila huo, hakuna kuandika barua, hakuna kuchapisha, hakuna intaneti. Windows ni mfumo endeshi wa kampuni ya Microsoft ya Marekani. Unapoinunua hununui ile diski wala ile flashi. Unanunua leseni, yaani ruhusa ya kuitumia kwa masharti yaliyoandikwa. Ndiyo maana Microsoft huruhusu mtu yeyote kuchukua faili la kutilia Windows kutoka kwenye tovuti yake bila malipo. Kinacholipiwa ni ruhusa.

Hapa Kenya jambo hili lina sheria yake. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 huihesabu programu ya kompyuta kuwa kazi ya maandishi, sawa na kitabu. Kuuza au kusambaza nakala haramu ni kosa la jinai. Kuwa nayo kwa shughuli isiyokuwa ya matumizi yako binafsi nyumbani ni kosa vilevile. Kwa hivyo mwenye saiba, duka la kuchapisha au ofisi ya chama ajichunge zaidi, kwani wakaguzi wa Bodi ya Hakimiliki wana uwezo wa kuingia na kuchukua mali kama ushahidi. Na wewe wa nyumbani usijidanganye kwamba umepona. Hata usipofikishwa kortini, bado umetumia jasho la mwenzio bila idhini yake.

Lakini tuseme hujali sheria. Je, wajali mali yako? Windows isiyo na leseni hulalamika, na ili kuinyamazisha fundi hutia kijiprogramu cha kuvunja kufuli. Mara nyingi kijiprogramu hicho hakikubali kufanya kazi mpaka kinga ya virusi izimwe. Yaani umemfukuza bawabu kwanza, kisha ukamkaribisha mgeni usiyemjua ukamwachia nyumba. Virusi vinavyofunga mafaili na kudai fidia hupenda sana kusafiri kwa njia hii.

Isitoshe, wengi wanaotumia kufuli iliyovunjwa huzima pia masahihisho ambayo kampuni huyatoa kila mwezi. Hatari yake dunia iliiona mwezi Mei 2017, wakati kirusi kilichoitwa WannaCry kilipozivamia kompyuta katika nchi zaidi ya 150, zikiwamo za hospitali za Uingereza. Sahihisho la kuziba mwanya huo lilikuwa limetolewa tangu Machi mwaka huo huo. Walioumia ni wale ambao hawakulitia.

Wahenga hawakukosea waliposema rahisi ni ghali.

Basi ufanyeje? Hatua ya kwanza ni kujua ulicho nacho. Fungua "Settings", halafu utafute "Activation". Ukiambiwa kwamba Windows imeamilishwa kwa leseni ya kidijitali, hiyo ni dalili njema, ingawa si ushahidi kamili, maana wavunja kufuli nao wana hila zao. Kompyuta za zamani huwa na kibandiko chenye ufunguo wa leseni chini ya tumbo. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, watengenezaji wengi huuweka ufunguo huo ndani ya kompyuta yenyewe, usiuone kwa macho. Ukitia Windows halali ya toleo lilelile, inausoma na kujifungua pekee.

Na hapa ndipo panaponitia uchungu, msomaji wangu. Tulipompata fundi mwingine Ukunda, mtu mtulivu asiye na maneno mengi, aliichunguza laptopu ya mpwa wangu akatikisa kichwa. Ilikuwa na leseni yake halali ya Windows 10 tangu ilipotoka kiwandani. Yule wa kwanza aliifuta nakala halali akatia ya wizi, na watu wakalipa mia tano kuibiwa kilichokuwa chao.

Jihadhari pia na funguo za bei ya kutupa zinazouzwa mitandaoni. Nyingi ni za mashirika makubwa, zilizouzwa mara mia kwa watu mia. Microsoft ikizigundua huzifunga, na muuzaji hapatikani tena kwa simu. Kwa kipimo, bei ya kampuni yenyewe kwa Windows 11 ya nyumbani huko Marekani ni dola 139, takriban shilingi 18,000. Mtu akikuuzia kwa shilingi 800, jiulize yeye aliipata vipi.

Hatua ya pili ni kuchagua. Windows 10 ilikoma kutunzwa tarehe 14 Oktoba 2025. Haikuzimika siku hiyo, lakini masahihisho ya kawaida yalikwisha. Microsoft ilitangaza mpango wa kuwaongezea watu wa nyumbani waliojisajili muda hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Huo ni muda wa kujipanga, si wa kulala.

Windows 11 haina ada ya ziada kwa mwenye leseni halali ya Windows 10, lakini inachagua mahali pa kukaa. Yataka kumbukumbu ya gigabaiti 4, nafasi ya gigabaiti 64, kijisehemu cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na kwa kompyuta za Intel, prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu, isipokuwa chache mno. Mitumba mingi inayouzwa huku kwetu ni ya kizazi cha nne hadi cha saba. Kwa hivyo, kabla hujatoa pesa dukani, muulize muuzaji mambo mawili: "Hii ni kizazi gani?" na "Leseni yake iko wapi?" Akianza kuzungukazunguka, mshukuru uende zako.

Je, na kompyuta isiyokubali Windows 11, itupwe? Hasha. Iko njia nyingine, halali na isiyo na malipo. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Linus Torvalds, alianza kuandika kiini cha mfumo uliokuja kuitwa Linux. Leo ndio unaoendesha sehemu kubwa ya intaneti, na kiini chake kimo hata ndani ya simu za Android. Mwaka 2004 Mark Shuttleworth, mzaliwa wa Afrika Kusini, alitoa aina yake iitwayo Ubuntu. Neno hilo ni la Kizulu na Kixhosa, nasi tunalijua vyema: ni utu. Iko pia Linux Mint, iliyojengwa juu ya Ubuntu, ambayo sura yake haimsumbui aliyezoea Windows na inatosheka na gigabaiti 4 za kumbukumbu.

Fahamu kwamba hata Linux ina leseni. Tofauti ni kwamba leseni yake inakuruhusu kuitumia, kuinakili na kumpa jirani. Ukimnakilia mwenzio Ubuntu hujaiba, umemgawia. Matoleo yake ya muda mrefu hutoka kila miaka miwili, mwezi wa Aprili, na hutunzwa miaka mitano.

Kazi za ofisi utazifanya kwa LibreOffice, inayofungua mafaili ya Word na Excel. Hiyo imetokana na OpenOffice, ambayo mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uliitafsiri kwa Kiswahili na kuitoa mwaka 2004 kwa jina la Jambo OpenOffice.

Lakini sitaki kukuuzia mbuzi ndani ya gunia. Linux ina mapungufu. Kama kazi yako yategemea programu ya uhasibu iliyoandikwa kwa Windows tu, au mwalimu wako anadai programu maalumu ya kuchora majengo, uliza kwanza. Nyaraka za Word zenye mapambo mengi huweza kupotoka mistari. Mashine nyingine za kuchapisha pia huleta ukaidi. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Kwa bahati nzuri waweza kujaribu kabla ya kuhama. Linux Mint huwashwa kutoka kwenye flashi bila kufuta chochote. Faili lake ni la takriban gigabaiti 3, basi kama huna intaneti ya kutosha, mwombe mwenye saiba akuchukulie. Uwashe, ujaribu sauti, intaneti na mashine ya kuchapisha. Ukiridhika ndipo utie moja kwa moja. Siku hiyo nakili kwanza mafaili yako mahali pawili, na hakikisha betri imejaa, kwani stima yetu ya pwani waijua mwenyewe.

Sisi tulipima hivi. Laptopu ya mpwa wangu ni ya kizazi cha sita, Windows 11 haiitaki. Mtoto huandika, hutafuta habari kwenye intaneti na kuweka hesabu za mamake. Hahitaji zaidi. Basi tukatia Linux Mint, fundi akalipwa shilingi 1,000 kwa kazi yake, na kila mmoja akaondoka na haki yake. Mwishoni mwa mwaka alimaliza diploma.

Dada yangu sasa kila Ijumaa huchapisha hesabu za chama karatasi moja, ikasomwa kwa sauti mbele ya wote na kutiwa sahihi, kisha nakala yake ikawekwa kwenye flashi inayokaa kwa mwenyekiti. Madeni matatu ya wakati ule hayajapatikana mpaka leo. Ameamua kuyalipa mwenyewe, kidogo kidogo, kutoka kwenye faida ya samaki.

Leo jioni, kabla ya watoto kuanza kuandaa vitabu vya kesho, ifungue kompyuta yenu muitazame pamoja. Ukikuta ina walakini, anza kwa kunakili mali yako. Mengine yatafuata.