Ufipa, Tupeleke Watoto Wetu Kwenye Injini za Meli

Siku moja ya msimu wa mavuno, kwenye mashine ya kusaga ya kijiji kimoja karibu na Laela, injini ya dizeli ilizima katikati ya foleni. Akina mama walikuwa wamepanga ndoo zao za mahindi mpaka nje ya mlango. Kijana wa kidato cha tatu, anayemsaidia baba yake mdogo baada ya masomo, hakukimbilia hendeli. Alipapasa bomba la mafuta, akalegeza nati kwenye kichujio, akapampu kwa kidole gumba mpaka mapovu yakaisha na dizeli ikatoka safi. “Ilivuta upepo,” akasema, akakaza nati. Hendeli ilipozungushwa mara ya pili, injini ikanguruma. Akaweka ncha ya bisibisi kwenye silinda na mpini sikioni, akasikiliza kidogo, ndipo akaruhusu mahindi yamwagwe.

Ndugu zangu wa Sumbawanga, Laela, Namanyere na Matai, nawaandikia kwa ajili ya kijana yule. Alichokifanya pale ndicho afanyacho ofisa mhandisi wa meli: kupapasa, kusikiliza, kujua ubovu uko wapi kabla ya kushika spana. Injini ya mashineni ikizima, tunarudi nyumbani na mahindi yetu. Injini ya meli ikizima usiku katikati ya Ziwa Tanganyika, ambalo kina chake kinafika meta 1,470, abiria wote wanamtegemea mtu mmoja aliye chini kwenye chumba cha mashine.

Ziwa hilo ni letu. Lami inatoka Sumbawanga, inapita Matai, inashuka hadi bandari ya Kasanga, na malori yanapeleka huko mahindi na saruji ya kwenda Kongo na Burundi. Tunapakia meli na kupakua meli. Lakini ni lini tumemwambia mtoto anayefaulu fizikia kwamba anaweza kuiongoza mitambo ya meli hizo? Katika mahafali niliyohudhuria nimesikia watoto wakitaja udaktari, ualimu, sheria na jeshi. Mhandisi wa meli sijamsikia akitajwa hata mara moja.

Na historia ya meli yetu kongwe ni historia ya mafundi. Liemba, yenye jina la zamani la ziwa hili kwa watu wa kusini kwetu, ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikasafirishwa kwa makasha mpaka Dar es Salaam, kisha kwa reli hadi Kigoma. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe isitekwe. Kabla ya kuizamisha, mafundi waliipaka mitambo grisi nzito. Waingereza walipoiibua mwaka 1924 walikuta injini bado inafaa, na mwaka 1927 ikarudi kazini. Miaka yote ile majini, grisi ya mafundi wale ndiyo iliyoilinda.

Msiniambie kwamba Mfipa ni mtu wa jembe na maksai tu. Mababu zetu walijenga malungu, matanuri ya udongo marefu kumpita mtu, yaliyovuta hewa yenyewe bila mivukuto na kuyeyusha mawe ya chuma. Mabaki yake yangalipo katika nchi yetu. Watu waliojua moto, hewa na chuma namna ile hawawezi kuwa wageni wa injini.

Njia yenyewe inajulikana. Chuo cha Bahari Dar es Salaam, kilichoanza mwaka 1978, kinafundisha uhandisi wa meli. Msingi wake ni hisabati, fizikia na Kiingereza. Kijana anafunzwa karakana, anasomea kuzima moto, kujiokoa majini na huduma ya kwanza, anapimwa afya. Kwa mkataba wa kimataifa wa mafunzo ya mabaharia, uitwao STCW, ofisa wa zamu ya injini lazima awe ametimiza miaka 18, na katika mafunzo yaliyoidhinishwa, vipindi vya karakana na vya melini kwa pamoja visipungue miezi 12. Baada ya cheti cha umahiri anapanda ngazi kwa muda wa kazi na mitihani: mhandisi wa pili, kisha mhandisi mkuu.

Panapowakwamisha wengi ni kwenye hiyo miezi ya melini. Mzazi anauza ng'ombe, mtoto anamaliza darasa, kisha anakaa nyumbani na karatasi kwa sababu hakuna meli iliyompokea kama kadeti. Ng'ombe wa mtu mmoja hawezi kufungua mlango huo. Ndiyo maana nawaita wote.

Walimu na kamati za shule, msikubali watoto wenye uwezo wakimbie fizikia kwa sababu tu maabara haina vifaa. Pelekeni darasa moja kila mwaka Kasanga au Kipili, wakaone bandari na meli kwa macho yao. Na wasichana wawemo. Injini haimuulizi anayeihudumia ni wa kike au wa kiume.

Wakulima, kila kata ifungue mfuko kwenye chama chake cha ushirika au SACCOS. Kila kaya ikitoa debe moja la mahindi baada ya mavuno, kata itaweza kumsomesha kijana wake na kumlipia nauli, vipimo na chakula wakati wa mafunzo. Hesabu zisomwe hadharani kwenye mkutano wa kijiji.

Madiwani na wabunge wetu, serikali imeingia mikataba ya kuikarabati Liemba na kujenga karakana ya meli Kigoma. Tunawaomba msimame mdai nafasi za kadeti katika kila meli na karakana inayojengwa kwa kodi zetu, na vijana wa mwambao wa ziwa hili wahesabiwe.

Wazazi, jihadharini na mawakala. Kijana wa mtaani kwangu alimlipa mtu aliyemwahidi kazi ya melini ng'ambo. Pesa ikaenda, na simu haikupokelewa tena. Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa mwaka 2006 unakataza kumtoza baharia ada ya kutafutiwa kazi. Anayedai malipo hayo, mkimbieni, kisha mtoe taarifa polisi.

Sitawaficha ugumu wake. Chumba cha mashine kina joto na kelele, zamu ni za usiku na mchana, na baharia anakosa misiba na harusi za nyumbani. Lakini ni kazi ya heshima, na cheti chake kinatambulika katika bandari za dunia.

Kwenye mkutano ujao wa kijiji chako, simama, uombe jambo hili liingizwe kwenye muhtasari: mfuko, jina la mtunza hesabu, na jina la mtoto wa kwanza. Yule wa Laela mwakani yuko kidato cha nne. Tuna msimu mmoja wa mavuno wa kumwandalia nafasi.